In Through the Out Door ya Led Zeppelin: kinanda kimetwishwa mzigo usio wake

#1 – Mleta uzi

Wadau, kila panapozuka mjadala wa kuzipanga kwa ubora albamu za bendi ya roki ya Uingereza, Led Zeppelin, In Through the Out Door ya mwaka 1979 hutajwa mwishoni, na anayeitaja huitaja kama mtu anayeomba radhi. Shutuma hazijabadilika kwa zaidi ya miaka 40: gitaa limefichwa, vinanda vimejaa kila kona, na bendi iliyokuwa ikitikisa viwanja imelainika. Mwezi huu nimeisikiliza mara kadhaa, upande wa kwanza hadi wa pili bila kuruka wimbo, na sikubaliani tena na hukumu hiyo. Kasoro zipo, tena nyingine ni kubwa, lakini naona aliyekamatwa siye aliyeiba.

Kwanza tukumbuke waliingia studio wakiwa katika hali gani. Julai 1977, ziara ya Marekani ikiwa bado inaendelea, mwimbaji Robert Plant alipigiwa simu kuelezwa kwamba mwanawe Karac, mtoto wa miaka 5, amefariki kwa maradhi ya ghafla. Ziara ilikatishwa siku hiyo hiyo, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kama Plant angeshika tena kipaza sauti. Mpiga ngoma John Bonham ndiye aliyekaa naye karibu hadi moyo ukarudi, na Mei 1978 wote wanne walikutana katika ngome ya Clearwell, Uingereza, kujaribu kama bado wanaweza kupiga pamoja. Novemba wakaenda Stockholm, katika studio ya Polar iliyokuwa ya kundi la ABBA, wakawa wanarekodi siku za kazi na kurudi makwao mwisho wa juma. Kabla ya Krismasi walikuwa wamemaliza.

Wakati huo mpiga gitaa Jimmy Page alikuwa ametekwa na heroini na Bonham ametekwa na pombe. Waliokuwa wakifika studio mapema ni John Paul Jones, mpiga besi na vinanda, pamoja na Plant, na wenzao walijitokeza usiku ukiwa umeshakolea, kiasi kwamba Jones mwenyewe alikuja kusimulia kuwa bendi ilikuwa na kambi mbili. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini vinanda vimetawala hahitaji kutafutiwa nadharia: mpiga kinanda alikuwepo. Zaidi ya hapo, alikuwa amejipatia sinthesaiza mpya ya Yamaha, GX-1, dude kubwa kama kinanda cha kanisani, lenye safu tatu za vibao na pedali za kukanyaga, naye alikuwa na kiu ya kuona linaweza kufanya nini. Jina lake limo miongoni mwa watunzi wa nyimbo 6 kati ya 7. Mbili kati ya hizo, South Bound Saurez na All My Love, ndizo pekee walizozitunga wenyewe katika albamu zilizotoka kabla ya bendi kuvunjika bila jina la Page kuwamo.

Sasa linganisheni na Presence ya mwaka 1976. Ile ilirekodiwa Munich kwa haraka, Plant akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya gari kisiwani Rhodes, na haina kinanda hata kimoja. Ni albamu ya Page, yenye tabaka juu ya tabaka la magitaa. Sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba Jones alinyimwa nafasi mle. Mizani ilipoinamia upande wa pili, ndipo yakazuka maneno ya usaliti. Wala kinanda hakikuwa mgeni katika nyumba hii, maana bila Jones hakuna No Quarter ya 1973, wala mdundo wa Trampled Under Foot ya 1975.

Fungueni wimbo wa kwanza, In the Evening. Unaanza kwa mngurumo unaozunguka taratibu, mfano wa kitu kizito kinachoamka, kisha sauti ya Plant inachomoza kutoka mbali na bendi nzima inaangukia mdundo kwa pamoja. Inapofika zamu ya gitaa kutamba, noti ya kwanza inatua kwa kishindo kama mlango mkubwa uliosukumwa na upepo, halafu kila kitu kinatulia na gitaa linabaki likiomboleza juu ya kinanda tulivu. Anayesema Page amefichwa aanzie hapo.

Kasoro yenyewe, kwa masikio yangu, imo katika Carouselambra. Huu ni wimbo wa zaidi ya dakika 10, wenye sehemu tatu, na nauhesabu miongoni mwa mambo ya kijasiri zaidi waliyowahi kuyajaribu: sehemu ya kwanza inakwenda mbio juu ya sinthesaiza, ya pili inashuka ghafla na gitaa la Page linaleta huzuni nzito ya polepole, ya tatu inarudi kwenye mwendo wa kasi karibu na muziki wa dansi wa zama zile. Tatizo ni kwamba Plant anaimba kana kwamba amefungiwa chumba cha pili. Nimevaa visikizio, nimeongeza sauti, nimerudia ubeti wa kwanza mara nne, na bado nilihitaji kuyatafuta maneno yake kwa maandishi. Plant mwenyewe baadaye alisikitika kwamba maneno yale, aliyoyaandika kuhusu hali ya bendi katika miaka yake ya mwisho, hayasikiki.

Naomba tuulizane kwa utaratibu: nani aliamua sauti ipi iwe juu na ipi iwe chini? Prodyuza wa albamu hii, kama ilivyokuwa kwa albamu zote za Led Zeppelin, ni Jimmy Page. Gitaa likizama, limezamishwa na mwenye gitaa. Jones alijaza nafasi aliyoikuta wazi, na tangu wakati huo tumekuwa tukimlaumu kwa kuijaza.

#2 – Mchangiaji

Mleta uzi, heshima yako, na nakubali kwamba suala la nani alikaa kwenye meza ya kuchanganya sauti halijadiliwi vya kutosha. Hata hivyo naomba kutofautiana nawe katika jambo la msingi. Unaitetea albamu kwa kueleza sababu za udhaifu wake, na sababu ya udhaifu haiugeuzi udhaifu kuwa nguvu. Mimi msikilizaji, sindano inapogusa santuri, sipewi taarifa kwamba fulani alichelewa kufika. Ninachosikia ni bendi ambayo gitaa lake lilikuwa ndilo uti wa mgongo, na sasa uti huo umelegea.

Chukua South Bound Saurez. Piano ya Jones inachezeka vizuri, yenye harufu ya muziki wa New Orleans, lakini Page anapoingia kutamba anajikwaa waziwazi: noti hazikubanwa sawasawa na mwendo wake ni wa mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. Kwa mpigaji wa kiwango chake, mwaka 1971 kipande hicho kingefutwa na kurudiwa. Vivyo hivyo Hot Dog, ambao ni mzaha wa kuiga muziki wa kantri na roki ya miaka ya 1950. Mzaha huo unafaa sana wakati wa kupasha vidole moto mazoezini. Ukiupa nafasi moja kati ya saba za albamu, unaniambia kwamba ghala lilikuwa tupu.

Jambo la pili ni kwamba ghala halikuwa tupu. Katika vipindi vile vile vya Stockholm walirekodi Ozone Baby, Darlene na Wearing and Tearing, ambazo tulizipata mwaka 1982 katika albamu ya Coda baada ya bendi kuvunjika. Wearing and Tearing ina kasi na hasira ambayo vijana wa panki wa wakati huo walidhani wazee hawa hawana tena. Wakaiacha nje, wakaiweka Hot Dog ndani. Uamuzi huo sina namna ya kuutetea.

#3 – Mleta uzi

Mkuu, kuhusu Wearing and Tearing umenikamata. Nimejaribu kuipanga upya albamu kwa kuutoa Hot Dog na kuuingiza wimbo huo mahali pake, mwishoni mwa upande wa kwanza, mara baada ya Fool in the Rain, na upande mzima umesimama wima.

Kuhusu South Bound Saurez pia sibishi kwamba mkono wa Page umeteleza. Lakini hilo linarudi kwenye hoja yangu, haliivunji. Wimbo umebebwa na piano na sauti, na anayeyumba ni mtu yule yule ambaye wengi wanadai tulinyimwa. Tungepewa zaidi ya gitaa hilo, lenye mkono ule wa mwaka 1978, sina hakika kwamba tungeshukuru.

#4 – Mchangiaji

Naingia kama mpiga ngoma, maana naona Bonham ametajwa kwa sababu ya pombe tu, na hiyo si haki. Fool in the Rain peke yake inatosha kuipa albamu hii mahali pa heshima.

Sikilizeni anachokifanya kuanzia mwanzo. Kila pigo limegawanywa katika sehemu tatu, na mdundo mzima unachechemea kwa madaha. Pigo zito la snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, linakuja mara moja tu katika kila kipimo cha mapigo manne, kwenye pigo la tatu, hivyo wimbo unaonekana kwenda polepole ingawa chini yake mikono inafanya kazi nyingi. Katikati ya mapigo hayo mazito kuna mapigo madogo ya snea, mepesi mno, ambayo usikilizapo kwa spika ya kawaida huyasikii bali unayahisi. Halafu sahani za kukanyagwa kwa mguu zinafunguka na kufungwa mahali pamoja katika kila mzunguko, mithili ya mtu anayevuta pumzi. Watu wa ngoma wanajua mdundo huu ni wa ukoo mmoja na ule wa Mmarekani Bernard Purdie. Bonham aliuchukua akaupa uzito wa miguu yake. Mimi ulinichukua miezi kadhaa, na mpaka leo mapigo madogo yananitoka yakiwa makubwa kuliko inavyotakiwa.

Katikati wimbo unapasuka na kuwa samba, filimbi zinapulizwa, na mwendo unaongezeka maradufu. Inasemekana wazo hilo lilitokana na Kombe la Dunia la 1978 lililofanyika Argentina. Kisha Bonham anaturudisha kwenye mchechemeo ule wa kwanza kwa mzunguko mmoja wa ngoma, bila mshono kuonekana. Page naye anapiga solo yake kupitia kifaa kinachoongeza sauti ya okteva za chini, na gitaa linatoka na mkwaruzo wa ajabu, karibu na sauti ya mdudu mkubwa. Na yote hayo yamewekwa chini ya hadithi ya mtu anayelowa mvua akimngojea mpenzi wake, akiamini ameachwa, hadi anapogundua kwamba amesimama mtaa usio wenyewe.

Mlevi asiyejiweza hapigi hivyo. Ugonjwa wake ulikuwa wa kweli na ndio uliomuua, lakini siku waliyorekodi wimbo huu alikuwa katika kilele cha kazi yake.

#5 – Mchangiaji

Nawasoma kwa utulivu, ila naona tunauzunguka wimbo ambao hasa ndio unaowagawa watu, yaani All My Love. Hapa ndipo wengi hufunga daftari na kusema bendi ya roki nzito haikupaswa kufika huku.

Plant aliutunga pamoja na Jones, kwa ajili ya mwanawe. Nimeona watu wakiuita wimbo wa mapenzi wa kuuza redioni, na kwa miaka mingi nami niliuchukulia hivyo, hadi nilipojua unamhusu nani. Tangu hapo siwezi kuusikia kwa masikio yale ya zamani. Kinachonishangaza ni kwamba Plant hamtaji mtoto, hasimulii msiba, wala halii. Anajificha nyuma ya picha za uzi na kufuma nguo, kisha kibwagizo kinakuja na maneno machache mno yanayorudiwa, kwa sababu hapo pengine hakuna zaidi linaloweza kusemwa. Katikati Jones anapiga solo ya sinthesaiza yenye sauti inayokaribia tarumbeta, iliyonyooka na yenye adabu ya muziki wa kale wa Ulaya. Hebu fikirini mahali pale pangewekwa solo ya gitaa yenye mikogo. Ingekuwa kupiga kelele matangani.

Page amewahi kueleza kwamba kibwagizo cha wimbo huo kilimtia wasiwasi, kwamba aliona kwa macho ya moyo umati ukipunga mikono na akahisi hao si wao. Namwelewa, na naona alikosea. Walipozunguka Ulaya katikati ya 1980 waliupiga wimbo huo jukwaani, tena baada ya kuuacha kabisa mwaka uliotangulia katika maonyesho yao ya Knebworth, Uingereza.

Kwa hiyo, mleta uzi, naiunga mkono hoja yako ila naisogeza mbele kidogo. Unasema Jones alijaza nafasi iliyokuwa wazi. Mimi nasema kwamba kwa jambo ambalo Plant alikuwa nalo moyoni mwaka ule, kinanda ndicho kilichokuwa chombo chake, hata kama Page angefika kila siku saa tatu asubuhi.

#6 – Mchangiaji

Nje kidogo ya mada, mtaniwia radhi: kuna anayekumbuka kwamba mfuko wa ndani wa santuri ya kwanza, wenye mchoro mweusi na mweupe, ulikuwa ukibadilika na kutoa rangi ukipakwa maji? Nakala yangu ni ya mkono wa pili, na aliyeimiliki kabla yangu alianza kuipaka kwenye kona moja akaacha. Hiyo ni mbali na jalada lenyewe, ambalo lilitolewa kwa namna sita, baa ile ile ikionekana kwa macho ya watu sita tofauti huku mwanamume wa suti nyeupe akichoma barua. Kila jalada likatumbukizwa katika mfuko wa karatasi ya kaki ili mnunuzi asijue anapata lipi. Bendi iliyochoka haijisumbui hivyo.

#7 – Mchangiaji wa #2

Jalada ni kazi ya Hipgnosis, kampuni ya wabunifu wa majalada, ndugu, haliwezi kuhesabiwa kama ushahidi wa nguvu za bendi. Na kuhusu mauzo, kabla mtu hajayaleta: najua ilishika namba moja Marekani kwa wiki 7, na kwamba iliamsha albamu zao zote za nyuma zikarudi kwenye chati kwa pamoja. Hiyo inaonyesha jinsi watu walivyokuwa wamewangoja kwa miaka mitatu, haituambii lolote kuhusu kilichomo ndani.

Ila hoja ya #5 imenigusa, nakiri. Nimeurudia All My Love jana usiku. Bado kibwagizo nakiona chepesi. Solo ya Jones, hapana, sina neno nayo.

#8 – Mleta uzi

Nashukuru kwa michango, hasa ya mpiga ngoma, ambayo imenifanya niusikilize Fool in the Rain kwa sikio jingine kabisa, nikiyafuata yale mapigo madogo.

Kuna jambo moja ambalo naona bado linatupotosha. Tunaisikiliza albamu hii kama kwaheri. Bonham alifariki tarehe 25 Septemba 1980 nyumbani kwa Page, akiwa na umri wa miaka 32, na Desemba mwaka huo wenzake wakatangaza kwamba hawataendelea. Kuanzia hapo kila kinanda laini katika albamu hii kikageuka dalili ya ugonjwa, kwa kuwa tayari tunajua mgonjwa hakupona. Lakini waliokuwa studio hawakujua. Page na Bonham walikuwa tayari wameshazungumza kwamba albamu inayofuata irudi kwenye roki ngumu inayoendeshwa na gitaa. Kwao hii ilikuwa kituo cha njiani, zamu ya Jones kushika usukani baada ya zamu ya Page katika Presence. Kama ingefuatwa na albamu nyingine, nadhani leo tungeizungumzia kama tunavyoizungumzia Houses of the Holy, ambayo nayo ilipotoka mwaka 1973, na mzaha wake wa rege na fanki, iliwaudhi wengi kisha ikasamehewa.

Kwa wanaodai gitaa, naomba msiishie upande wa kwanza. Wimbo wa mwisho kabisa, I'm Gonna Crawl, unafunguliwa na sinthesaiza inayoiga ala za nyuzi za okestra, tamu kupita kiasi kwa makusudi, na wengi huuacha hapo hapo. Vumilieni. Plant anaanza kuimba kwa mtindo wa waimbaji wa soul wa Marekani, taratibu, Bonham akimfuata nyuma kwa mapigo mazito yasiyo na haraka. Kisha Page anaingia na solo fupi ya bluzi, ambamo kila noti imevutwa hadi mwisho wake ndipo ikaachiwa. Hakuna kuteleza humo. Ule mkono uliojikwaa katika South Bound Saurez hapa umetulia. Baada yake Plant anapandisha sauti hadi inakaribia kupasuka, na bendi inamngoja ashuke.

Toleo la mwaka 2015 lina diski ya pili yenye nyimbo zote 7 katika mchanganyo wa awali, na baadhi zimebeba majina ya kazini: Carouselambra uliitwa The Epic, All My Love uliitwa The Hook, na huu wa mwisho uliitwa Blot. Aliye na visikizio vizuri ausikilize Blot na atuambie kama bado anaona Page hakuwepo. Hot Dog nawaachieni, sitauongelea tena.